Sauti ya Bati

"Linatoa sauti ya bati, Mama Eveline. Nikudanganye ili iweje?" Mwalimu Zabron wa bendi alisema kwa mara nyingine, na Tumpe akamjibu kwamba bati liko masikioni mwake. Walivutana hivyo ndani ya kanisa, pale Mlandege, huku basi la Kosta la kuwapeleka Mbeya kwenye tamasha la bendi za sharika likinguruma uani.

Walichogombania ni kimoja: nani apige wimbo wa kufungulia. Mazoezi yote alikuwa akiupiga Eveline, binti wa Tumpe, kwa tarumbeta la marehemu babu yake, lililobonyea na kupauka kama sufuria ya ugali. Juzi Shedrack akaletewa na kaka yake tarumbeta jipya, linang'aa mpaka linaumiza macho. Tangu hapo Zabron akaanza kusikia bati.

"Geukeni mtazame madhabahu," Tumpe alisema. "Mchague kwa masikio."

Zabron akacheka, akasema Wanyakyusa kama Tumpe kwa vituko hawajambo, lakini akageuka, na Mzee Bartholomeo wa baraza la wazee akageuka pia. Shedrack akapiga. Eveline akafuata, wimbo uleule. Mzee Bartholomeo akasema bila kusita kwamba jipya ni hilo la pili, sauti imenyooka, inaingia moyoni. Zabron akaongeza kuwa hata mtoto mchanga angelitambua.

Walipogeuka, aliyekuwa bado na tarumbeta mdomoni ni Eveline.

Zabron alikohoa. Akamwomba arudie, safari hii wakimtazama. Eveline akarudia vilevile, bila kukosea hata pumzi.

"Umesikia? Bati," Zabron alisema, uso ameukunja.

Tumpe akamkazia macho, akaona kwamba hadanganyi. Bati analisikia kweli. Hapo ndipo damu ilipomchemka. Mwongo unaweza kumuumbua akanywea. Huyu utamfanya nini?

Mzee Bartholomeo akaja na suluhu yake. Watu wa Mbeya nao wana macho, alieleza kwa upole, na usharika usije ukachekwa. Basi Eveline apigie nyuma ya pazia. Shedrack asimame mbele na lile jipya, aliweke tu mdomoni.

"Mwanangu awe redio?" Tumpe aliuliza.

Shedrack mwenyewe alitazama viatu vyake. Tumpe akamgeukia binti yake. Alijua jinsi alivyoililia safari hiyo. Usiku alikuwa amelala na sare kando ya mto wa kulalia.

"Unataka?"

Eveline akatikisa kichwa. "Sitaki, mama."

"Vua."

Eveline akaanza kufungua vifungo, kimoja kikakwama, ikabidi Tumpe amsaidie. Koti la bendi lilipotoka akalitundika begani kwa Zabron kama anayetundika nguo kwenye msumari, akamwambia alitafutie mwingine wa kukaa nyuma ya pazia. Kisha akamshika mwanawe mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele, wakaenda nyumbani.