Hesabu ya Viti

Mama Chapa, mwenye duka la kuchapa barua, alipokadiria umeme wa kompyuta zake alihesabu viti. Kompyuta yenye mtu kitini iko kazini, inakula. Yenye kiti kitupu imelala, inadonoa tu. Kwa hesabu hiyo betri za sola zingefika jioni bila jasho. Ajabu ni kwamba kila adhuhuri zilikata roho, wateja wakiwa katikati ya sentensi.

"Kuna mdomo hapa nisioujua," alisema, akiukazia macho ukuta.

Nyuma ya ukuta huo alikaa kinyozi, jirani yake tangu wote wawili hawajaota mvi. Siku hizi mashine yake ya kunyolea ilinguruma kwa afya ya kutia shaka. Tena alimsalimia Mama Chapa mara mbili mbili. Mtu asiye na lake anasalimia mara mbili ya nini?

"Jirani, waya wako umeupitisha wapi?"

"Waya gani, dada yangu?"

"Huo unaoninyonya. Nikiupata, utahama!"

Kinyozi akacheka. Ndivyo wanavyocheka wezi, akawaza Mama Chapa, akaenda kuchukua nyundo na tindo.

Alitoboa ukuta. Vumbi lilipotulia, waya hakuuona. Alimwona mteja aliyenyolewa nusu kichwa, amekodoa macho.

"Mlango uko mbele, dada," alisema kinyozi, safari hii bila kucheka. "Na usihangaike kunihamisha. Nahama mwenyewe. Sikai na mtu anayeniona mwizi."

Mama Chapa alirudi dukani, uso hana pa kuuweka. Ndipo akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: alikodolea macho kipimo cha betri, akazima kompyuta moja baada ya nyingine. Namba ya umeme unaoliwa ilishuka kidogo kidogo. Alipozima ile ya kona, yenye kiti kitupu na kioo cheusi, ikaporomoka.

"We! Nani kazima?" Mama mkwe wake alichomoka stoo, akafunua kitambaa juu ya kompyuta ile. Chini yake kulikuwa na kapu la mayai.

"Nimeifungulia sinema sita kwa mpigo, kioo nikakizima," alisema. "Ikihangaika inatoa joto kuliko kuku. Kuku wangu mwenyewe ameacha kuatamia, siku hizi anashinda mlangoni kama bosi."

"Mama! Nimemwita jirani mwizi!"

"Ungeniuliza mimi. Umeuliza ukuta."

Mama Chapa alichukua yai moja, akalipitisha kwenye tundu. Upande wa pili kinyozi alikuwa akivifunga vioo vyake kwa magazeti.

"Kaka, nisamehe. Mwizi ni huyu."

"Yai linakula umeme?" aliuliza kinyozi, akilipokea.

"Linakula sinema."

Kinyozi alijizuia, akashindwa, akacheka kicheko kilekile. Akatundika tena kioo.

"Tundu usilizibe. Kuanzia leo mimi ndiye nitakuchunguza wewe."

Yai likapasuka kiganjani mwake. Jogoo aliyetoka humo hawiki mpaka leo, ila asikie muziki wa kufungulia sinema.