Jeraha Lililoachwa Wazi

Mwavita anajilaza mchana kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mumewe katika hema la majeruhi, na kabla usingizi haujamkolea anaona turubai linafunuka lenyewe, nje kuna barabara. Anapita. Kijiba cha roho kinamsukuma. Vita vilipofika sokoni, mumewe Lubunga alipigwa risasi pajani, akapasuliwa, akasafishwa, kisha kidonda kikaachwa wazi chini ya bandeji, hakikushonwa, na nesi anayekiangalia ni mtoto mbichi, kiuno cha nyigu, na jina lenyewe, loo, Mapendo. Kwa akili ya Mwavita, mwanamke asiyefunga kidonda cha mume wa mtu ana lake jambo. Anataka aendelee kumfunuafunua. Basi Mwavita anakwenda na sindano, uzi wa mashuka umeshapita tunduni, akamshone mtu wake mwenyewe warudi nyumbani. Barabara inajikunja, inamrudisha ilikomtoa, inamtupa katika mji wa vioo, na katika kila kioo Mapendo ameinamia paja la Lubunga, na Lubunga anacheka, yeye ambaye nyumbani hucheka kama anayetozwa kodi. Mwavita anakipiga ngumi kioo kimoja, kinageuka mlango, na mlangoni wamesimama watu wenye barakoa, na juu ya barakoa hakuna macho wala paji la uso. Mume wangu yuko wapi, anawauliza. Mmoja anamjibu, ukifunga mlango mwizi akiwa ndani, nani atalala? Mwavita anamwambia asimtegee vitendawili, yeye ni mke wa ndoa. Anawapiga kikumbo, na kumbe Lubunga kalazwa pale pale, paja li wazi, na ndani kabisa kipande cha suruali yake kimeganda na udongo. Mwavita hajali, anapiga mshono. Paja linavimba. Anapiga wa pili, nyama inakuwa nyeusi, harufu inapanda kama panya aliyefia darini, na Lubunga anaita, na jina analoita si la nesi. Mwavita, kuna kitu kinanila humu ndani. Hapo wivu unamtoka kama jasho, anainama, anaukata uzi kwa meno.

Mama, amka, anasema Mapendo, barakoa usoni, trei ya vyuma mkononi. Anafungua bandeji polepole, ananusa. Hakuna usaha, anasema. Risasi huingia na nguo na uchafu, Mama, ndiyo maana hatukukifunga mapema. Sasa nyama imetakata, leo daktari anashona. Lubunga anacheka, anajisifu kwamba analindwa na wanawake wawili. Mmoja anakutosha, Mwavita anamwambia, huyu yuko kazini. Anamtazama nesi atafute macho juu ya ile barakoa, lakini jua limepenya turubai, linammulika, haoni kama yapo, na kuuliza hathubutu. Anapanda kitandani, anaushika mkono wa mumewe, anaubana mpaka mzee analalamika. Kama hii ndiyo ndoto, basi na humu pia mume ni wake.