Njuga za Kitinda

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tunaimba ndani ya treni tukiwa na watoto wawili wadogo, hutuonea huruma ya bure. Wengine hutikisa kichwa, wengine huniuliza kama sina mama wa kumwachia watoto. Nimechoka kuwajibu. Mama ninaye, yuko mbali na miguu inamsumbua, na watoto ni wangu. Mume wangu anapiga gitaa, mimi naimba na kupiga ngoma ndogo niliyoifunga kiunoni, na watoto ni nusu ya bendi. Mkaguzi wa tiketi anatujua siku nyingi. Anaturuhusu kuzunguka kwa sababu, anavyosema mwenyewe, behewa lenye muziki halina watu wa kugombania dirisha.

Binti yetu ana miaka saba na tunamwita Shangazi, maana tangu alipojua kusema amekuwa akituamrisha sote. Ndiyo maana mume wangu anaitwa Baba Shangazi na mimi Mama Shangazi, na kila anayesikia lazima acheke. Mdogo wake ni Kitinda, wa miaka mitatu na ushee, mtoto wa mashavu na maswali. Huyu nimemfunga njuga mguuni tangu alipoanza kutembea. Mikono yangu iko kwenye ngoma, macho yangu yako kwa abiria, lakini masikio yamebaki kwa mwanangu. Nikisikia njuga nyuma yangu najua yupo. Zikinyamaza, nageuka.

Tuna kanuni nyingine, na hii nataka ieleweke vizuri. Ndani ya treni kuna watu wa kila aina, na wapo wanaoanza kwa kubishana wakamaliza kwa ngumi. Tuliwafundisha watoto kwamba wakisikia watu wazima wanapiga kelele, waingie chini ya kiti na wanyamaze. Wasitoke hata wakiitwa kwa majina, kwa sababu abiria wote wanayajua majina yao, na kuna mlevi mmoja aliwahi kumwita Shangazi kwa upole kabisa kisha akamvuta mkono nusura autegue. Watoke tu wakinisikia mimi naimba wimbo wa kufungulia.

Wimbo wenyewe ni wa mzaha. Mimi naimba, "Sogea kidogo, nami nikae," na Kitinda anajibu peke yake, kwa sauti nzito ya kujilazimisha, "Nimesogea!" Abiria hucheka, na kweli husogea.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua kali, na tulikuwa behewa la mwisho kabisa. Treni ilisimama kwenye stesheni kubwa ambako njia zinagawanyika. Mkaguzi akaja mbio, jasho linamtoka, akatangaza kwamba mabehewa mawili ya nyuma yana hitilafu ya breki, yanakatwa hapo hapo na kupelekwa yadi, kila mtu achukue mzigo wake asogee mbele. Basi ikawa patashika. Bwana mmoja alikuwa amesafiri na godoro, akalisimamisha mlangoni likaziba njia yote. Mwingine akalipiga teke. Mwenye godoro akamkamata shati, mama mmoja akaanza kupiga mayowe, na watu wa nyuma wakawa wanasukuma bila kujua kuna nini mbele.

Niliwaona watoto wakizama chini ya kiti, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyowafundisha. Nikafurahi moyoni. Mume wangu aliingia kati kuamulia, gitaa mgongoni, na mimi nikasukumwa mpaka ukutani. Lile godoro lilipopita hatimaye, watu walitoka kwa nguvu ya mafuriko. Nikapaza sauti, "Twendeni mbele, twendeni." Nikamwona Shangazi amesimama nyuma yangu, nikasikia njuga, nikaenda. Mume wangu naye alisikia njuga, akaja.

Tulipita mabehewa kadhaa tukibanwa na mizigo ya watu. Kila nilipopiga hatua njuga zilikuwa nyuma yangu, chaka chaka chaka, na mimi nikawa namlaani mwenye godoro kimoyomoyo. Tulipopata nafasi ya kusimama, watu walikuwa bado wamenuna, na treni ikaanza kuondoka taratibu. Mume wangu akanikonyeza nianze, tuwapoze. Nikapiga ngoma na kuimba, "Sogea kidogo, nami nikae."

Hakuna aliyejibu.

Nikaimba tena, nikidhani amechoka au amenuna na yeye. Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama peke yake, na njuga zilikuwa mguuni kwake.

Nilimuuliza mdogo wake yuko wapi, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Alimtazama baba yake, kisha mimi.

"Nilimvua njuga kule chini, Mama. Zilikuwa zinalia, tungeonekana. Nilipotoka nikazivaa mimi zisipotee. Nilijua Baba amembeba."

Mume wangu alikuwa ameshika gitaa kwa mikono miwili. Hakuwa amebeba mtoto yeyote.

Nimeshaogopa mara nyingi maishani, lakini ule haukuwa woga ninaoufahamu. Nakumbuka tu kwamba niliurukia ule mnyororo wa dharura juu ya dirisha nikaning'inia nao kwa uzito wangu wote. Treni ikalia, ikatikisika, watu wakaangukiana. Kabla mkaguzi hajafika kuuliza, nilikuwa nimefungua mlango, nimetua kwenye kokoto na kufungua mkanda wa ngoma nikaiacha hapo hapo. Mume wangu akamshusha Shangazi, gitaa akalisahau kitini. Tukarudi stesheni kwa mbio, kando ya reli, mimi nikiwa nimepoteza kiatu kimoja bila kujua.

Mabehewa mawili hayakuwepo tena pale yalipokatwa. Mbeba mizigo mmoja alituonyesha kwa kidole, upande wa pili wa uzio.

Yadi. Mtu asiyewahi kuingia yadi ya treni asidhani ni mahali padogo. Kuna reli nyingi zilizolala sambamba, na juu ya kila reli kuna mabehewa yaliyopangwa, yote rangi moja, yote milango imefungwa. Katikati kuna injini ndogo inayokwenda mbele na nyuma, inasukuma haya, inavuta yale, na kila yanapokutana hugongana kwa kishindo kinachosikika mpaka kwenye meno. Nilitazama magurudumu. Sikutaka kuyatazama lakini niliyatazama.

Msimamizi wa yadi alikuwa mtu mzima mwenye ovaroli lililojaa grisi. Alitusikiliza, akatuambia kwa upole kwamba tusiwe na wasiwasi, vijana wake hukagua kila behewa kabla ya kulifunga, na hawakumkuta mtoto. Nikamwambia kama hawakumkuta, ndipo wasiwasi unapoanza. Akanitazama usoni, akaacha kubishana. Akatupeleka kwenye behewa letu na kulifungua.

Nilikijua kiti kile. Niliinama nikaangalia chini yake. Palikuwa na kandambili moja ya Kitinda, ya bluu, na hakuna kingine. Mlango wa upande wa pili, ule usiotazama stesheni, ulikuwa haujafungwa sawasawa.

Mfagiaji mmoja, dada kijana, akakumbuka. Alisema alipoingia na wenzake kufagia walikuwa wanaitana na kugonga milango kwa fimbo za mifagio, ni kawaida yao, ili kama kuna mtu amelala aamke. Alisikia kitu kikitambaa akadhani ni paka. Aliposema hivyo akaanza kulia.

Kwa hiyo alikuwa ametoka. Alikuwa mahali fulani katikati ya zile reli, mtoto wa miaka mitatu, na injini inatembea. Msimamizi akapiga filimbi kuita watu wake, na ghafla yadi nzima ikawa inaita. Mafundi waliacha spana, wafagiaji wakaacha ndoo, wote wakakimbia huku na huku wakipiga kelele, "Kitinda! Kitinda! Toka, wewe mtoto!" Walikuwa watu wazuri. Walimwita kwa nguvu zao zote, wengine wakipiga mabehewa kwa vyuma ili asikie, na injini nayo ikipiga honi. Mume wangu aliita kuliko wote. Ni mtu wa sauti ya chini, akikasirika ndipo hupunguza zaidi, na sijawahi kumsikia akinguruma vile. Sauti yake ilipasuka katikati ya jina la mwanawe, na mimi, mkewe wa miaka yote hii, nikatamani nitafute kiti nijifiche.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilimrukia mume wangu nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Baba Shangazi, nyamaza. Tunamficha sisi."

Alielewa mara moja. Nilimwona alivyobadilika rangi. Kila mtu aliyekuwa akimwita alikuwa anamsukuma ndani zaidi, na huko ndani kwenyewe ni chini ya kitu, kwa sababu ndiko tulikomfundisha kwenda. Na yadi ile haina viti. Ina mabehewa.

Nilimkimbilia msimamizi nikamshika ovaroli, nikamwambia awanyamazishe watu wake wote na asimamishe ile injini, sasa hivi, mtoto yuko chini ya magurudumu. Akasema injini imeshaunganishwa na mabehewa, dereva anasubiri ishara tu. Nikamwambia basi asipewe. Sijui nilisema vipi, lakini alinyanyua mikono yote miwili akaipishanisha juu ya kichwa, na dereva akazima kabisa, kisha akashuka akasimama chini, mbali na mitambo yake, ili nione mwenyewe. Yadi ikanyamaza. Watu wakasimama pale walipokuwa, vyuma mkononi.

Na sasa ilikuwa zamu yangu, na sauti haikutoka.

Mimi ambaye nimeimba nina mafua, nimeimba nina mimba, nimeimba juu ya watu wanaokoroma. Nilifungua mdomo ikatoka pumzi tupu. Halafu kulikuwa na hofu nyingine juu ya hiyo: kama nikiimba sauti ya kilio, hatauamini wimbo. Lazima niuimbe kwa furaha, kama tuko safarini na watu wanataka kucheka. Na kama nikiimba asijibu, je? Nilielewa kwamba nisipoimba bado naweza kuamini yuko hai, na kwa sekunde hiyo nilitaka kubaki hivyo hivyo, nisijue.

Shangazi akanishika mkono. Hakuniamrisha lolote, na hilo lilinitisha zaidi.

Niliimba. "Sogea kidogo, nami nikae." Ilitoka mbaya, imepinda, lakini nililazimisha kutabasamu kwa sababu tabasamu husikika. Shangazi akafungua mdomo kujibu kwa niaba ya mdogo wake, nikamziba. Tukasikiliza. Kulikuwa na bati linalolia kwa joto, na mbali sana honi ya gari barabarani. Hakuna kingine.

Nikatembea hatua chache nikaimba tena. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, sikio chini. Nikaimba mara ya tatu, na sasa machozi yalikuwa yananitiririka mdomoni, lakini sauti ilikuwa imenyooka. Nilikuwa naimbia yadi nzima, naibembeleza isogee.

"Nimesogea."

Ilikuwa ndogo, si ile nzito ya kujilazimisha. Ilitokea chini ya behewa la kwanza, lile lililounganishwa na injini. Dereva alikuwa amesimama karibu nalo kuliko sisi sote. Aliinama, akatazama, kisha akakaa chini pale pale kwenye kokoto kama mtu aliyekatwa miguu, asiweze kusema. Alichoweza ni kunyoosha kidole.

Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya gurudumu, tumbo juu ya reli yenyewe, mikono amejifunika kichwa. Mume wangu alitambaa akaingia. Mimi nilibaki nje nimeshika chuma cha behewa kwa nguvu zangu zote, eti nilizuie lisiende. Niliendelea kuimba, kwa kuwa sikujua kama naruhusiwa kuacha. Walipotoka wote wawili walikuwa weusi kwa grisi, na mguu wa mwanangu ulikuwa na michirizi ya damu ya kokoto tu, vidole vyote vipo, nilivigusa kimoja kimoja.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Watu wakasogea karibu, kimya, wengine wamevua kofia. Yule dada mfagiaji alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Kitinda aliwatazama wote juu ya bega langu, pengine akatambua kuwa ndio waliokuwa wakimwita, kisha akanisogezea mdomo sikioni, maana lilikuwa jambo letu sisi.

"Mama, walikuwa wengi. Waliniita, waliniita, na Baba pia aliniita. Sikutoka." Akavuta kamasi. "Nimejificha vizuri?"

Mume wangu aligeuza uso. Nilitaka kumwambia hapana, nilitaka kumtikisa, nilitaka kumwambia kwamba kishindo kimoja tu cha injini ile kingetosha. Lakini alikuwa ananitazama akingoja, na alikuwa amefanya kila kitu nilichomfundisha.

"Umejificha vizuri sana, baba," nikamwambia.