Filamu ya Mikono

Mukankusi hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiketi, mguu wake mmoja ulichezacheza chini ya meza, na Révérien, aliyemwajiri kupiga video za harusi katika duka lake la mtaa wa Muhima, alikwisha kumlalamikia mara nyingi kwamba anamtikisia sakafu.

"Harusi zimekuchosha," alimwambia siku moja. "Basi tafuta kitu cha kupiga Jumapili. Kamera iko inalala tu."

Ruhusa hiyo ndiyo aliyokuwa akiisubiri. Mwaka ule wa 1993, chuo alichokuwa akisoma zamani kilikuwa kimefunga ukumbi wake wa muziki tangu vita vianze. Wakubwa walidai kwamba vijana wakikusanyika huzungumza siasa. Wanafunzi wenye magitaa hawakuacha kupiga. Walihamia mtaa wa Gatsata, kwenye gereji ya Jean-Bosco, fundi wa malori ambaye hakuwahi kusoma chuo lakini aliwashinda wote kwa gitaa. Kila Jumapili baada ya misa watu thelathini, pengine arobaini, waliingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Wakishajaa, Jean-Bosco aliwasha injini ya lori bovu lililokaa mbele ya gereji. Ilinguruma mpaka mabati yakalia, na apitaye barabarani akadhani mafundi wako kazini. Nyuma ya lori hilo bendi ilipiga. Ilipofika saa tisa walitawanyika, ili kila mtu avuke vizuizi vya askari jua likiwa bado juu.

Mukankusi aliamua kutengeneza filamu ya mambo hayo kama yalivyo. Kwa Jumapili sita alipiga kila kitu: vijana wa kusini na wa kaskazini wakiimba kwenye kipaza sauti kimoja, huku vyama vya baba zao vikirushiana mawe barabarani; jasho, vicheko, msichana aliyecheza amefumba macho. Zaidi ya wote alimpiga picha Gahongayire, mwimbaji, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye baba yake alikuwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na hawakuwa wameonana kwa miaka minne.

"Nipige uso, dada," Gahongayire alimwambia. "Uso kabisa. Nataka mzee aone nimekuwa mtu."

Picha zilikuwa nzuri. Sauti ndiyo iliyomkosesha Mukankusi usingizi. Kila alipocheza kanda dukani, alisikia injini tu, na kwa mbali sana kitu kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Jumapili ya saba alimfuata Jean-Bosco.

"Leo zima lori. Wimbo mmoja tu."

"Dada, lori iko ukuta yetu."

"Dakika nne, Jean-Bosco. Filamu bila wimbo ni filamu gani?"

Fundi aliwatazama wenzake. Gahongayire akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa naye hakuwahi kusikia sauti yake vizuri humo ndani. Jean-Bosco akapanda kwenye kiti cha dereva, akazima.

Kimya kilichofuata kiliwashtua wote. Kisha gitaa likaanza, taratibu, na Gahongayire akaimba. Kwa mara ya kwanza watu walisikia maneno, na ikawa kwamba wimbo walioucheza miezi mizima wakirukaruka ulikuwa wa huzuni. Hakuna aliyecheza. Mukankusi alishikilia kamera kwa mikono miwili, na safari hii mguu wake haukutikisika. Ni katikati ya ubeti wa mwisho alipoona, kwenye mwanga chini ya lango, viatu vya mtu aliyesimama nje. Viatu vilikaa pale mpaka wimbo ukaisha. Kisha vikaondoka bila haraka.

Jumanne mwanamume mmoja mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri aliingia dukani. Hakutaja jina wala ofisi.

"Nasikia mna filamu ya vijana wa Gatsata," alisema. "Muziki mzuri sana. Sisi tunapenda wasanii. Ijumaa nitakuja kuchukua kanda zote. Hata zile ambazo hamjakata. Tunataka kujua nani na nani wako pale."

Alipotoka, Révérien alifunga mlango na kuuegemea.

"Mpe," alisema.

"Patron, nyuso zao zote zimo. Arobaini."

"Na mimi nina uso wangu mmoja, na watoto watatu. Mpe, Mukankusi."

 Mukankusi alijua kwamba ni yeye mwenyewe aliyeomba injini izimwe. Siku nzima alitembea toka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akiitazama kila suti iliyopita barabarani. Jumatano asubuhi aliingia chumba cha nyuma, akaunganisha deki mbili za video, akaanza kunakili. Alichukua vidole vya Jean-Bosco vyenye grisi kwenye nyuzi. Alichukua viganja vikipiga makofi, viatu vikikanyaga vumbi, mkono wa Gahongayire ukiminya waya wa kipaza sauti. Uso ulipotokea alisimamisha deki. Kulikuwa na pahali ambapo Gahongayire alicheka kabla ya kuanza kuimba, kicheko cha mtu aliyesahau vita. Alikirudisha nyuma mara tano. Mara ya sita alikipita.

Alhamisi alirudisha kanda za asili ndani ya kamera, moja baada ya nyingine, akafunika lenzi kwa kizibo chake, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Saa zote hizo alikaa kando yake, akisikiliza wauzaji wa Muhima wakiita wateja, huku giza likila nyuso za marafiki zake. Révérien alichungulia mara moja. Alielewa, akarudisha pazia, akaenda kuongeza sauti ya redio.

Ijumaa mwenye suti alicheza kanda ya kwanza pale pale dukani. Weusi mtupu, na sauti ya mwanamke akiuza nyanya.

"Hii ni nini?"

"Kamera ni kuukuu, mzee," Révérien aliharakisha kusema, kabla Mukankusi hajafungua kinywa. "Imetuharibia hata harusi mbili. Huyu binti nimemfukuza kazi leo."

Mwanamume yule aliitoa kanda kwenye deki. Alizibeba kanda zote kwapani. Hakurudi tena, ila gereji ilipekuliwa wiki iliyofuata, na hakuna aliyethubutu kuwasha injini wala gitaa baada ya hapo.

Filamu ilionyeshwa mara moja tu, mchana, chumbani kwa Jean-Bosco, kwa watu wanane. Ilikuwa ya dakika kumi na tisa. Watu walinyoosheana vidole: "Viatu vyangu hivyo!" Gahongayire alingoja filamu iishe.

"Na kichwa changu kiko wapi?"

Mukankusi alimweleza kila kitu, hata viatu alivyoviona chini ya lango siku injini ilipozimwa.

"Ungeniuliza," Gahongayire alisema. "Ni uso wangu."

"Hapakuwa na muda."

"Siku mbili hazikuwa muda?"

Mukankusi aliinuka, akazima deki.

Mwezi wa kwanza wa 1994 Gahongayire aliamua kwenda kwa baba yake. Mukankusi, ambaye Révérien alikuwa amemfukuza kazi kweli tangu Ijumaa ile, alimsindikiza hadi stendi ya Nyabugogo na kumpa nakala ya filamu aliyoifunga ndani ya kitenge. Gahongayire aliisukuma chini kabisa ya mfuko wake.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Ila niandikie. Nitakutumia anwani."

Basi lilipotoka, Mukankusi alibaki amesimama kidogo kati ya watu na mizigo yao. Kisha akaanza kupanda kilima kuelekea Muhima, mbio mbio, ingawa hapakuwa na mtu aliyekuwa akimngoja.