Nyasi za Bondeni

…na kama zimeiva, nani atamwambia, Manyanda alizikandamiza nyasi ndani ya pipa kwa mti, mvuke ukampanda usoni, Christina ndiye aliyejua, alikuwa anachukua konzi moja anaikamua, maji yakigoma kudondoka anasema haya, sasa zijazwe kwenye mifuko, zipandwe mbegu, na yeye Manyanda kwenye kigoda anacheka, mke wangu, nyasi ni za ng'ombe, Msukuma gani anapikia uyoga nyasi… "Shemeji, moto unapungua," alisema Suzana, mdogo wake Christina, aliyekuja kutoka Mpanda mjini siku ya msiba na hajarudi, amekaa mlangoni pa chumba cha uyoga anakata kamba za kufungia mifuko, sauti ile ile ya dada yake, mtu ukifumba macho… Manyanda akasukuma kuni ndani, moto, ndiyo, hata asubuhi ile alikuwa anaota moto, Christina akasimama mbele yake na mundu, Baba Mwandu, twende wote, nyasi za bondeni zimekuwa ndefu, wewe utangulie na fimbo mimi nikate, na yeye akasema nini, akasema nenda tu, si hapo karibu, na kweli ni karibu, ukelele wake ulifika mpaka hapa uani, nyoka, kifutu, alimkuta amekaa chini ameshika mguu, mganda mmoja ameshaufunga, hamwangalii, na pikipiki ilipofika… kisha makaburini kijiji kizima cha Kasekese kikampa mkono, pole, ni mipango ya Mungu, naye akaitikia, miezi miwili anaitikia, ni mipango ya Mungu… "Ila kitu kimoja sikielewi," Suzana alisema, macho kwenye kamba, "kwa nini alienda peke yake, dada huyu, tangu utoto alikuwa anaogopa nyoka mpaka analia"… anaogopa, miaka kumi na tisa ndani ya nyumba moja na hakujua, kumbe hakuwa anatafuta wa kumsaidia kubeba, alikuwa anaogopa, na aibu ikamzuia kusema, au alisema, fimbo ilikuwa ya nini kama si kusema…

"Aliniomba twende wote," Manyanda alisema. "Nilikataa."

Kisu cha Suzana kikatulia juu ya kamba. Pipa liliendelea kuchemka, Manyanda akabaki amesimama kwenye mvuke, akimsubiri shemeji yake aseme lolote lile, maana lolote lingekuwa haki yake.