Penye Miguu Husikia Baridi

Begi bado iko mgongoni, mimi nimeshaanza kuongea. Ilikuwa Februari ya tisini na saba, nimetoka chuo cha samaki kwa likizo, na kutoka Migori mjini mpaka kwetu nilikuwa nimekumbatia kamba ya kupimia kina cha maji, yenye mafundo, kila fundo nusu mita, nikiambia kila mtu kazi yake hata kama hajauliza.

"Baba, nimejua vile tutaokoa bwawa."

Bwawa letu ni dogo. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, halafu watu wakaweka samaki wa ngege, na familia sita ndizo zinavua. Mvua ilikuwa imekosa kabisa, na maji yamerudi nyuma mpaka ukisimama juu ya tuta linalozuia maji unaona mapezi. Baba yangu, Mwikwabe, alikuwa ameshasema: ngege wa mbegu, wale wa kuzaana, wakifa, yeye anaenda kisiwa cha Remba, huko ziwani, kuvua dagaa wa omena kwa mashua ya mtu. Ndugu yake alienda Remba mwaka wa tisini na mbili. Mpaka leo hatujui kama tumlie au tumngoje.

Kwa hivyo nilikuwa na haraka. Chuoni tulifundishwa ukitafuta penye kina kirefu, ukachimba shimo, samaki watajibanza humo mpaka mvua irudi. Nilipima siku nzima na Cephas, Mjaluo wa Kosele aliyeoa kwetu, yeye akielea juu ya tyubu ya lori, mimi nikiandika. Kina kirefu kabisa kilikuwa karibu na tuta.

Shangazi Nyangi, dada ya baba, alikataa. Huyo mama amevua hilo bwawa kwa tenga tangu nikiwa sijazaliwa. Alisema tuchimbe ng'ambo, katikati ya matete, ingawa maji ya huko yalikuwa yanafika paja tu. Eti chini yake kuna maji yanatoka, ukisimama hapo miguu inasikia baridi.

Nilimuuliza ni baridi ya digrii ngapi. Akasema yeye ana miguu, hana digrii.

"Mama, huyu msichana alienda shule," Cephas akamwambia. "Wewe miguu yako ilikupeleka wapi?"

Watu walicheka, na mimi ndiye nilicheka zaidi.

Tulichimba siku nne. Wanaume walikata mfereji, maji yaliyobaki yakateremka upande wa tuta, na ngege wakayafuata. Niliwahesabu mpaka nikachoka. Jioni ya siku ya nne nilimwimbia baba jikoni, na yeye, mtu asiyecheka, akatabasamu kidogo.

Asubuhi ya tano niliamshwa na harufu kama mayai viza. Nilikimbia. Shimo lote lilikuwa midomo tupu, midomo ya samaki juu ya maji meusi, ikifunguka na kufungika. Wengine walikuwa wameshalala ubavu.

Shangazi alikuwa ameshaingia mpaka kiunoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Penye kina ndipo kinyesi cha ng'ombe cha miaka yote kimelala," alisema. "Mmekiamsha. Leta beseni."

Tulileta beseni, sufuria, karai ya sementi, hata ndoo ya kunyweshea ndama. Akatuambia tusiguse madume, tuchague majike wenye mashavu yamevimba, kwa sababu ngege hubeba watoto mdomoni. Siku za kawaida akimpata jike kama huyo, humwinamisha kichwa ndani ya maji na kumpapasa mpaka awateme, ndipo amtie kwenye tenga. Sasa alitaka watemwe kwenye maji ya baridi tu, si mahali pengine. Kwa hivyo tulikimbia nao, mkono mmoja umefunika mdomo wa samaki, tukizama kwenye tope mpaka magotini. Cephas alianguka, beseni ikamwagika, akabaki kwa magoti akiokota na kusema, "Samahani mama, samahani mama," sijui alikuwa anamwambia shangazi au samaki.

Kwenye matete kulikuwa kumebaki kidimbwi kama sakafu ya jikoni. Niliweka miguu ndani. Ilikuwa baridi mpaka meno yakauma, na kwenye vidole nilisikia maji yakisukuma kutoka chini, polepole, kama mtoto tumboni. Tungechimba hapo. Siku nne, watu kumi na wawili, tungechimba hapo.

Nilishika jike langu nimemwelekeza huko maji yanakotoka. Alikuwa mzito na hapumui. Nikampapasa vile nilikuwa nimeona shangazi akifanya. Watoto walitoka, wadogo kama mbegu za wimbi, weupe, wakashuka chini bila kuogelea.

Saa sita shimo la tuta lilikuwa limenyamaza. Kwenye matete tulikuwa na tisa hai.

Baba aliwahesabu kwa kidole. "Tisa si bwawa," akasema.

Jumatatu alifunga shuka na panga kwenye gunia. Nilimwambia watu wa hali ya hewa wamesema mvua itaanza mwisho wa Machi, nilisikia kwa redio, nikaendelea kuongea mpaka barabarani. Aliniwekea mkono kichwani, mara moja, akaenda.

Mimi nilirudi kwa shangazi. Korongo wawili walikuwa wametua kwenye tope, hatua ishirini kutoka kwa matete, na wanakuja kwa miguu. Alinipa fimbo bila kunitazama, nikaingia majini, nikasimama juu ya hao tisa.