Kuchanwa kwa Mshenga

Mzee Ramadhan alikuwa hoi hata kabla hajakaribishwa mkekani. Hii ilikuwa safari ya tatu kutoka Masuguru, Korogwe, hadi Handeni kupeleka posa ya mpwa wake Muhsin, na kila mara upande wa msichana walimnywesha chai, wakamuuliza maswali mpaka jasho likamtoka, kisha wakamwambia arudi. Muhsin mwenyewe, kwa desturi, hakutakiwa kusogea. Yeye alikuwa kwake, miguu juu. Anayekaangwa ni mshenga.

Waliomkabili walikuwa shangazi wawili wa bibi harusi mtarajiwa, Maryamu: Bi Mwaija, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na mdogo wake Mwanaisha. Maryamu alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, akisikiliza.

"Kazi yake ya udereva, anarudi kulala nyumbani?" aliuliza Mwanaisha.

"Karibu kila siku, mama."

"Hiyo karibu ndiyo siku gani?"

Mzee Ramadhan akapangusa uso. "Jamani, mnanichana kama singa za mkonge!"

Bi Mwaija akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Basi Waingereza wanalo neno la hayo hayo. Heckle. Zamani lilikuwa chanuo la meno ya chuma la kuchania nyuzi za kitani. Wachanaji wa mji mmoja kule Uskochi walisifika kwa ubishi. Mwanasiasa akisimama kuomba kura, wanamwandama kwa maswali. Ndipo kuchana kukawa kuuliza bila huruma."

Mzee Ramadhan hakucheka. Ujana wake wote uliishia kwenye mashine ya brashi ya kuchania singa katika shamba la mkonge, na alijua vizuri makapi yanayodondoka singa zikichanwa. Yeye alikuwa na lake la kudondosha. Muhsin aliwahi kuoa Morogoro, akaacha, na ana binti. "Wasipouliza, mjomba, usiseme," alimwambia. Safari mbili hakusema, na kulibeba hilo kulimchosha kuliko barabara.

"Amewahi kuoa?" Mwanaisha akauliza.

Angeweza kusema hapana, yakaisha. Lakini Maryamu angekuja kuambiwa na watu, tena akiwa ndani ya ndoa.

"Aliwahi. Wakaachana. Ana mtoto wa kike."

Kina mama wakatazamana. Mzee Ramadhan akaanza kutafuta kandambili zake kwa macho. Alijua posa imekufa, na kusema kweli alijisikia nafuu. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mtu ambaye siku hiyo hakupaswa kusema kitu.

"Samahani, baba. Huyo mtoto anakaa na nani?"

Mchana kutwa alikuwa na jibu la kila swali. Hili hakuwa nalo. Hakujua kama mtoto yuko kwa mama yake au kwa bibi yake, wala kama anasoma. Naye ni mjukuu wake!

"Sijui, mwanangu."

Akatoka uani, akampigia Muhsin.

"Mjomba! Wamekubali?"

"Mwanao anakaa na nani?"

"Lakini si nilikwambia usiseme?"

"Sikukuuliza hilo," alisema Mzee Ramadhan, akaegemea ukuta kwa uchovu. "Nimekuuliza, anakaa na nani?"

Muhsin akakata simu.